Ndege Kichwa Chini

Mvua ya Tukuyu inajua ratiba yetu.
Jumamosi saa nane inashuka juu ya bati
kama dengu zinazomwagwa na mtu mwenye hasira.
Tunasogeza mikeka mbali na mlango.
Jiko la mkaa katikati, viazi vya Kiwira vikichemka na maganda yake,
na kila mtu anatoa mfukoni
kazi isiyo na mteja.

Ndiyo kanuni ya kwanza kwa Tusekile:
hapa hakishonwi cha kuuza.
Anayetaka hela, vyerehani viko stendi.

Mimi nina tandiko la kitanda. Mwaka wa tatu huu.
Miraba tisini na sita, kila mmoja kiganja na vidole viwili:
magauni ya mitumba, vitenge vilivyobaki harusi ya Anyelwisye,
mfuko wa unga uliofuliwa hadi maandishi yakachoka,
koti ambalo mwenyewe hatumtaji.
Mwanangu aliniuliza blanketi la Kichina ni bei gani sokoni.
Nikamwambia.
Akahesabu kwa vidole, akafika mahali, akanyamaza kwa heshima.

Bandu bandu humaliza gogo.
Bandi bandi, sijui humaliza nini.
Jumatatu mpaka Ijumaa napima majani ya chai,
nagombana na watu juu ya nusu kilo.
Jumamosi napiga bandi, na mizani inatulia kichwani.

Ambakisye, dereva wa lori la maparachichi,
aliingia siku ya kwanza akikimbia mvua.
Subana haikumwenea kidole hata kimoja,
akakata kipande cha tairi la baiskeli, akavaa hicho.
Anashona foronya ya mto. Tulicheka mwezi mzima.
Inatosha.

Leo nimetandaza kazi yangu yote sakafuni,
Subilaga akainama, akanyoosha kidole:
«Huyu ndege wako anakwenda wapi?»

Safu ya saba, kitenge cha buluu.
Ndege kichwa chini, miguu mawinguni,
na uzi nimeshaupitisha matabaka yote matatu:
kitambaa, pamba, bitana,
na mwezi wa Machi mzima.

Fumua, akasema Tusekile, mwenye wembe.
Acha, akasema Ambakisye, labda anatua.

Subilaga ni muuguzi wa chumba cha upasuaji.
Siku tano za wiki anashona watu:
wa bodaboda, wa panga la migombani,
mama ambaye mtoto alikataa njia.
Mishono yake ina fundo moja moja,
kila mmoja unajitegemea,
ukikatika huu, jirani yake haamki.
Hata kitambaa cha meza anakishona vivyo hivyo.
Tumemfundisha bandi, mkono umekataa.

Akamshika ndege, akamgeuza mgongo,
akambonyeza pembeni kana kwamba anatafuta usaha.
«Kule nikikosea naandika ripoti.
Ni hapa tu ninapokosea
na bado napewa kiazi.»

Mvua ikapungua kidogo, ikasahau, ikaanza upya.
Tusekile akaurudisha wembe kwenye kopo la maziwa.

Ningependa kusema nilimwacha.
Usiku umeme ulikatika, nyumba ililala,
na kwa mwanga wa simu nikafumua mishono minne.
Matundu ya sindano yalibaki,
yamejipanga kwenye buluu, madogo,
yakinitazama.
Sikuendelea.
Nikatunga uzi mara tatu ndipo ukakubali tundu,
nikamrudishia ndege mishono yake minne,
vilevile alivyokuwa, kichwa chini,
ila safari hii kwa fundo moja moja.

Imebaki safu mbili.
Juni hiyo inakuja na baridi yake,
na blanketi la Kichina, nikiri, nimenunua.
Nalikunja chini ya magoti
ninaposhona.